Meno ya mama na elementi namba tisa

Binti wa kidato cha pili alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye cherehani ya mama yake, akiimba herufi. H, He, Li, Be, B, C, N, O, F, Ne. Akifika Ne anavuta pumzi, kisha anaendelea kutoka Na hadi Ca. Ndizo elementi 20 za kwanza, na wanafunzi wengi huzikariri hivyo hivyo, kama pambio.

Mwalimu wa kemia alikuwa ametoa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi achague elementi moja kati ya hizo 20, achore atomu yake, halafu aandike inapatikana wapi nyumbani kwao. Wenzake walikuwa wameshakimbilia oksijeni na kaboni. Yeye akachagua florini, namba tisa, kwa sababu aliwahi kuliona neno linalofanana nalo kwenye dawa ya meno.

"Mama, naomba ile dawa ya mswaki niisome."

Mama alikuwa na pini tatu mdomoni. Ni fundi cherehani, Tabata jijini Dar es Salaam, na wateja wake wengi humwona mkali kwa sababu haongei sana akiwa kazini. Hawajui kwamba pini ni kisingizio kizuri cha kutofungua mdomo. Meno yake ya mbele ni ya kahawia, mawili yana vishimo vidogo kama bati lililoanza kuliwa na kutu. Akicheka huweka mkono mdomoni. Watoto wake walikua wakidhani ni adabu tu.

Mama huyu, ambaye hakupenda jina lake litajwe, alizaliwa Ngarenanyuki, wilayani Arumeru, kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru. Jina la mahali hapo limetoka katika Kimaasai, na maana yake ni maji mekundu. Kijijini hakuna aliyeyashangaa meno yake, maana karibu kila aliyekuwa naye darasani alikuwa nayo ya aina hiyo. Aliyashangaa mwenyewe alipofika Dar es Salaam akiwa na miaka 17 kufanya kazi za ndani. Siku ya pili tu, mwenye nyumba alimpa mswaki mpya na kumwonyesha namna ya kupiga mswaki.

Tangu siku hiyo amesugua. Alisugua kwa mkaa, kwa chumvi, kwa ndimu. Rangi haikutoka hata chembe, na ndimu ilimwachia meno yanayouma akinywa maji baridi. Miaka miwili iliyopita alianza kuweka fedha kidogo kidogo kwenye kikoba, akiwa na lengo moja ambalo hakumwambia mtu: kwenda kwa daktari wa meno akafunikwe yale ya mbele.

Lakini usiku ule wa kazi ya kemia, kichwani alikuwa na jambo jingine. Dada wa kazi alikuwa ameondoka bila kuaga, na mtoto wa mwisho, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, hakuwa na wa kumwangalia. Mpango ulikuwa umeshapangwa na tiketi za basi zilikuwa zimeshaulizwa bei: mtoto apelekwe kwa bibi yake Ngarenanyuki akae huko mpaka afikie umri wa chekechea. Tayari bibi huyo alikuwa akilea wajukuu wengine wawili. Familia nyingi zinaujua mpango wa namna hii.

"Sasa hiyo florini ndiyo nini?" Mama aliuliza, pini zikiwa zimehamia kwenye kitambaa.

Binti akaanza kusoma daftari lake kwa Kiingereza, akasita, akaliweka chini. Mama yake aliishia darasa la saba. Ilibidi atafute maneno mengine, na pengine hapo ndipo alipoanza kulielewa somo lenyewe.

"Atomu ina kiini katikati. Ndani ya kiini kuna protoni na neutroni. Nje yake kuna elektroni. Kiini ni kama stendi, sawa? Elektroni ni abiria. Daladala ya kwanza iliyo karibu na stendi ni ndogo, inabeba wawili tu. Inayofuata inabeba wanane. Florini ina abiria tisa. Wawili wamejaza ile ndogo. Wamebaki wangapi?"

"Saba."

"Na siti ni nane. Kwa hiyo imebaki moja. Konda aliyebakiza siti moja unamjua alivyo."

Mama alimjua. "Bado mmoja, bado mmoja! Anamshika mkono hata anayekwenda zake sokoni." Akacheka, na mkono ukaenda mdomoni kama kawaida.

Mfano wa daladala una mapungufu yake. Elektroni haziketi kwenye siti, na wanasayansi wa leo huzieleza zaidi kama wingu linalokizunguka kiini kuliko kama abiria au sayari. Tena atomu karibu yote ni uwazi. Ingekuwa na ukubwa wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, kiini chake kingekuwa kama punje ya choroko katikati ya uwanja, ingawa karibu uzito wote umo humo kwenye choroko. Lakini kwa hesabu ya nani anamtafuta nani, daladala inatosha. Sehemu kubwa ya kemia ya kidato cha pili ni hiyo: atomu ina elektroni ngapi kwenye ngazi ya nje, na inataka kutoa, kupokea au kugawana.

Neoni, namba kumi, ina wanane kamili. Imejaa, haimtaki mtu, haichangamani na chochote. Florini, iliyo hatua moja nyuma yake, ndiyo yenye uchu kuliko elementi zote katika kuvuta elektroni. Wakemia kadhaa waliumia na wengine wakafa wakijaribu kuipata ikiwa peke yake, mpaka Mfaransa Henri Moissan alipofaulu mwaka 1886. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel. Hiyo ni gesi, na haimo kwenye bomba la mtu. Florini ikishampata abiria wake wa kumi inatulia, inakuwa na chaji hasi moja, na jina linabadilika kuwa floraidi. Floraidi ndiyo iliyomo kwenye dawa ya meno. Ndiyo iliyomo pia kwenye maji.

Binti alikuwa amefika hapo kwenye kuandika: inapatikana katika dawa ya mswaki, na katika maji ya baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa, ambako hutoka kwenye miamba ya volkano. Kitabu kilitaja Arusha. Kilitaja pia meno ya kahawia.

Alisoma sentensi hiyo kimya, kisha akainua uso kumtazama mama yake. Mama aliona anavyotazamwa.

"Imeandikwaje?"

"Imeandikwa si uchafu, Mama. Ni maji mliyokunywa mkiwa wadogo."

Aliyewahi kusugua jino kwa ndimu kwa miaka ishirini anaweza kueleza sentensi kama hiyo ina uzito gani. Mama hakuieleza. Alikanyaga cherehani akamaliza upindo mzima, ndipo akasema mtoto akienda atachemshiwa maji. Bibi ni mtu wa usafi, na kila kitu kikichemka kinakufa.

"Atomu haifi," binti akasema.

Hapa ndipo wazazi wengi huteleza, na si kosa lao. Kliniki, redioni, kwenye kurasa za afya kama huu, ushauri ni mmoja: chemsha maji. Ni ushauri mzuri kwa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa kuwa vijidudu ni viumbe hai na joto huviua. Floraidi haina uhai wa kupoteza. Moto wa jiko hauwezi kuivunja atomu wala kuigeuza kuwa elementi nyingine, maana elementi hutambuliwa kwa idadi ya protoni kwenye kiini, na jiko la gesi haligusi kiini cha chochote. Tisa zinabaki tisa. Kinachoondoka ni mvuke wa maji, na floraidi inabaki kwenye sufuria, ikiwa imekolea zaidi kuliko mwanzo.

Mama hakukubali kwa maneno. Binti akachukua sufuria ndogo, akatia maji na kijiko cha chumvi, akakoroga mpaka chumvi ikapotea machoni, akaweka jikoni. Walikaa wakitazama yakichemka na kupungua mpaka yakakauka. Chumvi ilikuwa imerudi, nyeupe, imegandamana chini na pembeni. Mama alipitisha kidole, akaonja.

Alikumbuka birika la bibi. Lilikuwa na ukoko mweupe ndani ambao watoto walitumwa kuukwangua kwa jiwe.

Kesho yake jioni ndiye mama aliyeanzisha maswali. Alitaka kujua floraidi ikiwa kwenye dawa ya meno inalinda, kwa nini ikiwa kwenye maji inaharibu. Jibu linapita kwenye elementi nyingine ya pambio lile, ya mwisho kabisa: kalsiamu, namba 20. Elektroni zake zimekaa mbili, nane, nane, mbili. Hizo mbili za nje ni kama abiria waliopanda gari lisilo lao, zinaachiwa kwa urahisi, na kalsiamu inabaki na chaji chanya. Chanya na hasi huvutana. Sehemu ngumu ya jino imejengwa kwa kalsiamu, fosforasi, oksijeni na haidrojeni, zimepangwa safu kwa safu kama matofali. Ndani ya mpangilio huo kuna nafasi ambayo kwa kawaida inakaliwa na oksijeni na haidrojeni zilizoshikana. Floraidi ina chaji ile ile na inakaribiana nazo kwa ukubwa, kwa hiyo inaweza kuikalia nafasi hiyo.

Ikiingia kidogo, kwenye uso wa jino, jino linakuwa gumu zaidi kuyeyushwa na tindikali za bakteria wa mdomoni. Ndiyo sababu imewekwa kwenye dawa ya meno, na ndiyo sababu mtoto wa chini ya miaka mitatu hupakiwa kiasi cha punje ya mchele tu, afundishwe kutema. Ikiingia nyingi, kila siku, wakati jino bado linajengwa ndani ya fizi, ujenzi unavurugika. Jino linatoka likiwa na vinyweleo, baadaye vinashika rangi. Meno ya ukubwani hujengwa tangu kuzaliwa hadi miaka kama minane, na kwa yale ya mbele miaka ya pili na ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa. Likishatoka limeharibika, hakuna kusugua kutakakolirudisha. Daktari anaweza kulifunika tu.

Mwaka mmoja na miezi minane. Mama hakuhitaji kalamu kufanya hesabu hiyo.

Na meno ndiyo yanayoonekana, lakini mifupa nayo ni kalsiamu. Alikotoka mama kuna watoto wenye miguu iliyopinda na wazee wasioweza kugeuza shingo. Alipokuwa mdogo aliambiwa ni ukoo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa Tanzania kilikuwa miligramu 4, si kwa sababu mifupa ya Watanzania ni tofauti, ila kwa sababu vijiji vingi vingekosa maji kabisa. Baadhi ya vyanzo vya kuzunguka Mlima Meru vimepimwa na kukutwa na zaidi ya mara kumi ya hizo 1.5. Si Arusha peke yake pia. Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga na Mara zina maeneo yenye tatizo hilo.

Maji hayo hayana harufu. Hayana rangi ya floraidi wala ladha yake. Ni maabara tu inayoweza kusema.

Siku hizo mama alilizoea jedwali la elementi kuliko alivyotarajia. Lilikuwa limebandikwa ukutani kwa gundi ya viraka, elementi 118, na akawa anauliza akiwa anakata kitambaa. Madini joto yako wapi? Binti hakujua. Shuleni hakuna aliyewahi kumtajia madini joto. Walitafuta kwenye simu wakagundua kwamba ni ayodini, namba 53, ile inayowekwa kwenye chumvi kuzuia tezi la shingo. Iko safu ile ile ya florini, chini zaidi, na katikati yao imekaa klorini, namba 17, iliyomo kwenye chumvi yenyewe na kwenye vidonge vya kutibu maji. Zote zina elektroni saba kwenye ngazi ya nje. Zote zinaita bado mmoja.

Hiyo ndiyo kazi ya safu. Mrusi Dmitri Mendeleev alipolipanga jedwali mwaka 1869, elementi zilizojulikana zilikuwa 63 tu, na kwa kufuata ndugu wanaofanana tabia aliacha nafasi wazi kwa ambazo hazijagunduliwa. Galiamu ikapatikana mwaka 1875 na kukaa kwenye mojawapo ya nafasi hizo. Mwanafunzi anayelisoma kama orodha ya majina anakosa utamu wote, na mzazi anayeambiwa "madini joto" upande mmoja na mtoto wake akaambiwa jina la Kiingereza upande mwingine hawezi kumsaidia hata kwa lile analolijua. Hili mitaala yetu bado haijalitatua.

Jumapili mama alipiga simu Ngarenanyuki. Alisalimu, akaulizia mifugo, akaulizia magoti ya mama yake, kisha akasema.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Maji haya ndiyo yaliyokukuza wewe na kaka zako. Leo yamekuwa sumu?"

"Si sumu, Mama. Ni mengi mno kwa mtoto mdogo."

"Nitachemsha."

Basi akamweleza habari ya sufuria na chumvi. Upande wa pili palikuwa kimya, ikasikika mbuzi tu. Bibi ana miaka zaidi ya sabini, haogopi kazi wala ugonjwa, lakini birika lake anolijua. Aliuliza sasa anywe nini.

Kuna njia kadhaa, na hakuna iliyo rahisi. Wilayani Arumeru kipo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwa namna maalumu, ikasagwa, maji yakapitishwa humo. Binti alipolisoma hilo alipiga kelele hadi mtoto akaamka: ni kalsiamu ile ile! Floraidi inanaswa na mfupa wa ng'ombe kabla haijaufikia mfupa wa mtu. Kichujio lakini kina muda wake. Nafasi zikijaa kinaacha kunasa, maji yanapita kama yalivyoingia, na bila kupimwa hakuna anayejua. Bibi pia alisita kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa ya ng'ombe asiyemjua.

Lipo na suala la magadi. Yale ya kulainishia makande na maharage, hasa yanayotoka kwenye maziwa ya ukanda huo, mara nyingi huja na floraidi yake. Bibi alikubali kuyaacha kwenye chakula cha watoto. Kwenye chakula chake alikataa.

Iliyobaki ni mvua. Maji yanapopanda kama mvuke huiacha floraidi chini, kama chumvi ilivyobaki kwenye sufuria ya Tabata, kwa hiyo maji ya mvua karibu hayana kabisa. Nyumba ya bibi ina paa la bati. Kilichokosekana ni mifereji na tenki.

Mwisho wa mwezi kikoba kilivunjwa. Mama alihesabu fungu lake mara mbili, akaliweka kwenye bahasha iliyokuwa imeandikwa kwa kalamu ya mafuta neno moja, meno, akalituma kwa kaka yake. Lilitosha tenki la plastiki la lita 2,000, mifereji ya upande mmoja wa paa na nauli ya fundi. Mtoto hakuondoka wiki hiyo. Alibaki Dar es Salaam miezi mitatu zaidi, akilala kwenye mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia, mpaka masika ilipolijaza tenki.

Bibi alitunga sheria zake. Maji ya tenki ni ya wajukuu wote watatu kunywa na ya uji wao. Kuoga, kufua na kuosha vyombo ni ya bomba. Koki ameifunga kwa kufuli, ufunguo uko kwenye pindo la kanga, na yeye mwenyewe anaendelea kunywa chai ya bomba kwa maelezo kwamba ya mvua haina nguvu.

Binti alipata alama 17 kati ya 20 kwenye kazi ile. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba mfano wa daladala haumo kitabuni.

Upande ule wa Meru mvua ni haba, na lita 2,000 kwa watoto watatu zina mwisho wake. Septemba bibi alipiga simu usiku. Alikuwa amelipiga tenki kwa fimbo kutoka juu kushuka chini, na lililia tupu hadi karibu na koki. Aliuliza kama huko mjini wanasema vuli itaanza lini. Mama alimtumia fedha za maji ya dukani ya wiki mbili, akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, akarudisha pini mdomoni.